Nani Atakesha na Mtoto Huyu?



Safari hii sikuleta habari ya mkutano wala ya ujenzi. Nimeleta swali moja ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, na ningependa tulitafakari pamoja. Swali ni hili: mtu aliyechoka akilala, na kwa sababu ya usingizi wake mtoto akapatwa na madhara, je, amefanya kosa? Na kama kosa lipo, ni la nani?

Swali hili halikutoka katika kitabu. Lilitoka katika chupa tatu za maziwa ya mtoto.

Kuna nkambo mmoja wa kwetu ambaye sitamtaja jina, ingawa yeye mwenyewe ameniruhusu nieleze habari yake. Binti yake alifariki baada ya kujifungua, akaacha mtoto wa siku chache tu. Watu walitafuta kwanza katika ukoo kama kuna mama anayenyonyesha ambaye angeweza kumpokea mtoto. Alikuwepo mmoja, lakini alibaki ng'ambo, upande wa Pweto, na wakati ule haikujulikana yuko wapi. Basi ikabaki njia ya maziwa ya unga. Kwa kuwa mtoto alizaliwa mdogo na ilibidi apimwe mara kwa mara, nkambo alipanga chumba Kashikishi, si mbali na ziwa, akakaa huko majuma kadhaa, yeye na mjukuu wake, wawili tu.

Mimi nilikwenda kumtembelea. Niliwahi kuhudhuria mafundisho ya afya, kwa hiyo nilijiona mjuzi. Nilimwambia, "Nkambo, maji lazima yachemke kila mara. Usitengeneze maziwa ya kuweka. Kila mtoto anapolia, tengeneza mapya." Akanijibu kwa upole, "Ndiyo, mwanangu, nimesikia." Nikaomba pamoja naye, nikaaga, nikarudi nyumbani. Usiku ule nililala vizuri.

Baada ya siku chache tulipata habari kwamba mtoto anahara na amelegea. Nilipofika, tayari mama mwenye nyumba, mwenyeji wa pale Kashikishi, alikuwa amewapeleka hospitali. Yeye ndiye aliyenionyesha chupa. Zilikuwa chini ya kitanda, zimefungwa katika kitenge ili zisipoe. Mbili zilikuwa tupu, na moja ilikuwa bado na maziwa, yenye harufu ya kuchacha.

Nilimkuta nkambo wodini, nikamwuliza, kwa sauti ambayo leo naionea aibu, "Nkambo, si nilikuambia?" Akanitazama, akasema, "Uliniambia, mwanangu. Lakini makaa yaliisha. Na magoti yangu unayajua. Saa saba za usiku nikiwasha mbabula, moshi unamwamsha mwenye nyumba, na mtoto analia mpaka maji yachemke, mpaka yapoe. Nikaona afadhali nitengeneze zote jioni, nikiwa bado na nguvu."

Mtoto alipona. Nasema hivyo mapema ili msisome kwa hofu. Lakini alikaribia sana kuondoka, na jambo hilo limeniachia swali.

Chupa inapolala

Kwanza tuelewe jambo lenyewe, maana hatuwezi kuhukumu tusichokijua.

Wengi wetu tunadhani hatari ya maziwa ya kopo ni maji tu. Tunasema, nikichemsha maji, nimemaliza. Sivyo. Unga wenyewe, hata katika kopo jipya ambalo halijafunguliwa, hauna ahadi ya kutokuwa na vijidudu. Viwandani hawawezi kuufanya uwe safi kabisa kama dawa ya sindano. Ndiyo maana mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, walitoa mwongozo kwamba unga uchanganywe na maji ambayo bado ni ya moto sana, yasiyopungua nyuzi 70. Maana yake, maji yakishachemka yasiachwe kupoa zaidi ya nusu saa hivi kabla ya kutia unga. Joto hilo ndilo linaloua vijidudu vilivyomo katika unga. Kisha chupa au kikombe hupozwa haraka kwa kusimamishwa katika maji baridi, mama hudondosha tone juu ya mkono wake ajue kama limepoa, na mtoto hupewa mara moja. Yanayobaki baada ya saa mbili humwagwa, hata kama moyo unauma.

Sasa angalieni kinachotokea kwa chupa iliyotengenezwa saa moja jioni na kufungwa katika kitenge. Hewa ya Mweru ni ya joto, na kitenge kinatunza joto. Maziwa hayako moto kiasi cha kuua vijidudu, wala hayako baridi kiasi cha kuvizuia. Yako vuguvugu, na hilo ndilo shamba lao. Kijidudu kimoja kinakuwa viwili, viwili vinakuwa vinne, na mtoto anapoamka saa saba au saa kumi, anapewa kitu kingine kabisa, si kile kilichotengenezwa jioni. Mtu mzima angeonja na kutema. Mtoto wa mwezi mmoja hana neno la kusema. Anamwamini anayemshika.

Mwongozo ule unakubali kwamba maziwa yanaweza kutengenezwa mapema, lakini kwa sharti moja: yapozwe upesi na kuwekwa katika friji yenye baridi isiyozidi nyuzi 5, na yasipite saa 24. Friji! Katika makazi yetu, ni nani anayo? Hata Kashikishi, mahali ambapo nguzo za umeme zimefika na madukani wanauza vinywaji baridi, friji si jambo la kutegemea. Tunakumbuka mwaka 2024, ukame ulipopunguza maji ya Kariba, jinsi umeme ulivyokatika kwa saa nyingi katika nchi nzima ya Zambia. Friji isiyo na umeme ni kabati tu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tufikie hesabu hii. Mtu asiye na friji hana njia ya kutengeneza maziwa ya usiku wakati wa jioni. Kila mlo wa usiku unamdai mtu aamke, awe na maji ya moto, awe na chombo kilichooshwa na kuchemshwa, na awe na akili ya kuhesabu vijiko katika giza. Na mtoto mchanga hula kila baada ya saa mbili au tatu. Hiyo ni mara mbili au tatu kila usiku, kwa miezi.

Kosa la kutojua na kosa la kuchoka

Nkambo aliporudi kwetu na mtoto wake, maneno yalikuwa yamemtangulia. Wengine walisema, "Ni ujinga, hakufundishwa." Wengine wakasema, "Alifundishwa, ila ni uzembe." Mmoja alishauri aitwe mbele ya wazee na kuonywa.

Mimi nilijua kwamba si ujinga, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe. Basi je, ni uzembe?

Nimelifikiri sana neno hili. Mzembe ni mtu ambaye angeweza, lakini hakutaka. Nkambo yule alitaka. Alizifunga chupa katika kitenge chake kizuri, kile cha kwendea ibada. Alizipanga karibu na mkono wake ili mtoto asilie hata dakika moja. Jioni, kwa nguvu iliyobaki, alikuwa anaupenda usiku wa mjukuu wake. Upendo ule ndio uliotengeneza chupa tatu, na chupa tatu ndizo zilizomdhuru mtoto.

Hapa wengine wataniambia, "Basi nia njema inatosha, asilaumiwe." Nami siwezi kusema hivyo. Kijidudu hakijali nia. Kama tukisema nia njema inatosha, tutawazika watoto wengi kwa nia njema. Ninazo habari za mama mwingine aliyekuwa anapunguza unga na kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Naye alikuwa na nia njema kabisa. Mtoto alishiba tumbo, lakini mwili ukakonda. Upendo unapaswa kuuliza pia, "Je, ninachofanya kinamfikia mtoto kama mema?" Tusiwaambie watu kwamba kupenda kunatosha bila kujua.

Lakini pia kujua hakutoshi bila kuweza. Hapo ndipo tunapokosea sisi wafundishaji. Tunagawanya makosa katika sehemu mbili tu: asiyejua na asiyetaka. Tunamfundisha wa kwanza na kumkaripia wa pili. Tunamsahau wa tatu, ambaye anajua, anataka, ila yuko peke yake saa saba za usiku bila makaa, na magoti yanauma, katika wilaya ambayo kutoka nje ya chandarua usiku ni kujitoa kwa mbu wa malaria. Huyo hahitaji somo la pili. Anahitaji mtu wa pili.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Unauona ni mwepesi kwa sababu hauko kichwani kwako. Mimi nilipomwambia nkambo, "Chemsha maji kila mara," maneno yangu yalikuwa ya kweli, hata neno moja halikuwa na kosa. Lakini nilimpa kanuni bila makaa. Nilimwekea mzigo wa saa tisa za usiku, nikaenda kulala saa tatu.

Maziwa yale yale, nyumba mbalimbali

Tusidhani jambo hili ni la kijiji chetu tu. Dunia imelipitia, na kwa machozi.

Wengi wetu tunakumbuka miaka ambayo mama mwenye virusi vya UKIMWI aliwekwa katika njia panda. Akimnyonyesha mtoto, huenda akampa virusi. Asipomnyonyesha, ampe nini? Nairobi, kati ya mwaka 1992 na 1998, akina mama 425 wenye virusi waligawanywa kwa kura, wengine wanyonyeshe na wengine watoe maziwa ya kopo. Walichaguliwa wale wenye maji ya bomba ya mjini, na walifundishwa namna ya kutengeneza. Watoto walipofika miaka miwili, waliopata virusi walikuwa karibu 37 katika kila 100 kwa wanaonyonya, na karibu 21 kwa wa kopo. Lakini waliokufa hawakutofautiana sana: kama 24 katika kila 100 upande mmoja, na 20 upande wa pili. Kopo lilizuia virusi, lakini halikuzuia kifo kwa kiasi kile kile.

Kisha ikawa Botswana. Huko serikali iligawa maziwa ya unga bure kwa akina mama wenye virusi, tena kwa moyo mwema. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 zikanyesha mvua kubwa, maji yakachafuka, na kuhara kukaingia kwa watoto wadogo. Watoto wengi walikufa. Waliochunguza waliona kwamba hatari ilikuwa kubwa mno kwa wale wasionyonya. Maziwa hayakubadilika. Kilichobadilika kilikuwa maji yaliyoingia ndani yake.

Na hapa Zambia, utafiti uliofanywa Lusaka kwa akina mama 958 wenye virusi, na kutangazwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba kumwachisha mtoto ghafla akiwa na miezi minne hakukuongeza idadi ya watoto waliobaki hai bila virusi. Leo mafundisho yamebadilika. Mama mwenye virusi anayekunywa dawa zake vizuri anashauriwa anyonyeshe, maziwa yake tu kwa miezi sita ya kwanza, kisha pamoja na chakula hata miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo, mama mwenye maziwa yake mwenyewe asije akasoma makala hii na kukimbilia kopo. Kwa watoto sita, kopo la gramu 500 ni kitu cha dukani. Kwa mtoto mmoja asiye na mama, ni makopo 40 hivi mpaka afikishe miezi sita, na kila kopo lina usiku wake.

Vilevile tuache tabia ya kuangalia chupa na kunong'ona, "Huyo anao ugonjwa." Mnong'ono huo unamfanya mtu afiche chupa chini ya kitanda. Na chupa inayofichwa haioshwi vizuri, haichemshwi mchana, haionekani na jirani ambaye angeweza kusaidia. Ulimi wetu nao unaweza kuchachisha maziwa.

Ninachokiona katika habari hizi zote ni kwamba maziwa ya kopo si mema wala mabaya yenyewe. Hufuata nyumba yanamoingia. Nyumba yenye maji, moto na watu wawili huyageuza kuwa uhai. Nyumba yenye mtu mmoja aliyechoka huyageuza kuwa hatari. Basi tukitaka kujua kama mtoto atakuwa salama, tusisome maandiko ya kwenye kopo tu. Tuhesabu watu walio macho.

Pingamizi ambalo ni la haki

Nilipoyasema haya mbele ya wenzangu, ndugu mmoja alinijibu kwa ukali. Alisema, "Sisi sote tumechoka. Mchana tunalima mihogo, tunapanga foleni, tunatafuta kuni mbali. Kila mtu ana watoto wake. Je, ni haki kumdai mtu usingizi wake kwa ajili ya mtoto wa mwingine?"

Sikumdharau. Ni swali la haki, na anayejibu haraka hajawahi kuchoka. Usingizi ni mali ya maskini. Mkimbizi amepoteza shamba, nyumba, pengine na jamaa, lakini usiku akifunga mlango anapata kitu ambacho ni chake. Kumwomba huo ni kumwomba mengi.

Lakini nimejifunza jawabu pale pale Kashikishi, ufukweni. Jioni simameni mtazame ziwa. Giza likiingia, taa zinaanza kuwaka juu ya maji, moja, kumi, nyingi mpaka mtu hawezi kuhesabu. Ni wavuvi wa chisense. Samaki wale wadogo wanavuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Wanaume wale hawalali, na asubuhi mchanga wote unameta samaki walioanikwa. Tuwaulize: je, mmoja anakwenda peke yake, apige kasia, ashike taa, avute wavu, achote maji yanayoingia mtumbwini, usiku baada ya usiku? Atawacheka wanaomwuliza. Usiku juu ya ziwa ni kazi ya kundi. Kila mmoja ana sehemu yake na zamu yake.

Basi tunajua kushirikiana usiku. Tunajua kwa ajili ya samaki. Msibani nako tunajua: mtu akifa, tunakesha naye watu hamsini, tunawasha moto mkubwa, tunaimba mpaka alfajiri. Nilijiuliza, na swali hili lilinichoma: kama mjukuu wa nkambo angekufa, ni wangapi kati yetu wangekesha? Wote. Makaa yangepatikana. Maji yangechotwa. Hata mimi ningekuwepo, tena ningeongoza sala. Tulikuwa na usiku mzima wa kumpa mtoto aliyekufa, na hatukuwa na saa moja ya kumpa mtoto aliye hai.

Sikupata jibu la kujitetea, na sijalipata mpaka leo.

Mnakumbuka habari ya wale wanawake wawili waliokwenda kwa mfalme Sulemani. Tunapenda kuhubiri hekima ya mfalme na upanga wake. Lakini ile habari ilianza usiku, kabla mfalme hajaamka. Mama mmoja alilala, na katika usingizi akamlalia mtoto wake. Na wao wenyewe walieleza kwamba katika nyumba ile hapakuwa na mtu mwingine, walikuwa wawili tu na watoto wachanga. Nimeisikia habari hiyo mara nyingi, na sikuwahi kuuliza: majirani wa wanawake wale walikuwa wapi? Asubuhi waamuzi ni wengi. Usiku hakuna mtu.

Tulichofanya, na kilichotushinda

Sitaki kumaliza kwa maneno matupu, kwa hiyo nitaeleza tulichojaribu, pamoja na upungufu wake.

Nyumba saba zilizo karibu na nkambo zilikubaliana kugawana usiku. Kila nyumba ilichukua usiku mmoja katika juma. Jioni mwenye zamu anachemsha maji, anayatia yakiwa yanatokota katika termosi iliyooshwa vizuri, na kuifunga. Vikombe vinachemshwa na kufunikwa. Tuliacha chupa tukachukua kikombe kidogo, kwa sababu kikombe kinaoshwa kwa urahisi, na chuchu ya mpira ina pembe ambazo kidole hakifiki. Unga unabaki mkavu ndani ya kopo lake. Mtoto akiamka saa nne au saa saba, maji ya termosi bado ni ya moto sana, unga unachanganywa pale pale, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo, bila kupunguza wala kuongeza. Tuliliweka somo lote katika sentensi moja ambayo hata watoto waliishika: maji ya moto yalale, unga ulale mkavu, maziwa yasilale.

Lakini termosi zetu si za gharama, na karibu na alfajiri maji hupoteza moto wake. Kwa mlo wa saa kumi hakuna hila. Lazima mtu aamke na kuwasha mbabula, nje, chini ya paa la jikoni. Huo ndio mlo uliomshinda nkambo, na huo ndio tuliougawana. Mwenye zamu anaamka yeye, anachemsha, anagonga mlango taratibu na kusema, "Nkambo, maji."

Zamu yangu ilikuwa usiku wa Jumatano. Sisi wanaume tulisema mwanzoni kwamba hii ni kazi ya akina mama. Mke wangu hakubishana. Aliniuliza tu kama moto unajua nani mwanamume. Jumatano ya kwanza niliunguza vidole, nikahesabu vijiko mara tatu kwa tochi ya simu kwa sababu usingizi ulinichanganya. Ndipo nilipoelewa chupa tatu. Nilikuwa nimeamka usiku mmoja tu katika juma, nikiwa na miguu mizima, na nilitamani nitengeneze zote mara moja nirudi kitandani.

Haikwenda vizuri wakati wote. Mvua zilipoanza na kilimo kikashika kasi, nyumba mbili ziliacha. Usiku mmoja mwenye zamu hakuamka kabisa, na nkambo alijiwashia moto mwenyewe bila kumlaumu mtu. Kulikuwa na ugomvi juu ya makaa ya nani. Lakini mtoto hakuhara tena hivyo, ingawa ufukwe huu wa Mweru kipindupindu si mgeni kwake, na mwaka 2023 kilizigusa tena wilaya za Nchelenge na Chiengi. Sasa mtoto anakula bukari na sombe, na anakimbiza kuku.

Basi narudi kwenye swali langu la kwanza. Je, nkambo alifanya kosa? Nasema ndiyo, jambo lile halikuwa sawa, na asirudie yeye wala mwingine, kwa maana mtoto ana haki ya maziwa yasiyomdhuru, hata kama tumechoka. Lakini kosa lile halikuwa lake peke yake. Aliyejua na akaenda kulala alikuwa na sehemu yake. Jirani aliyesikia mtoto akilia saa saba na kugeukia upande wa pili alikuwa na sehemu yake. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Tumeizoea methali hiyo kama pambo la hotuba, lakini ni kweli ya mchana na ya usiku, na zaidi ya usiku.

Nawaomba, wapendwa, kabla ya kumshauri mlezi yeyote wa mtoto asiye na mama, mwulizeni kwanza maswali mawili: una makaa ya usiku huu? Na nani ataamka pamoja nawe? Kama jibu la pili ni "hakuna," basi ushauri wenu haujaisha. Ndiyo kwanza umeanza.

Nasikia katika sehemu ya chini, karibu na kisima, kuna baba aliyebaki na mtoto wa majuma matatu. Nyumba tano tayari zimejiandikisha. Zimebaki usiku mbili, Ijumaa na Jumapili.

Mungu awalinde, awape usingizi mwema, na awaamshe inapobidi.